Milango Aliyoikata Baba

Baba alikuwa fundi seremala, na kila mwaka mvua zikikatika alipata kazi ambayo sijaisikia mahali pengine popote: kupunguza milango ya mtaa mzima. Maji yakishaingia nyumbani kwa mtu huacha tope, na sisi tope hatukulitoa. Tulilisawazisha, tukaongezea kifusi cha ukuta ulioanguka kwa jirani, tukamwaga majivu juu yake, tukashindilia, ili mwakani maji yakija yakute sakafu imepanda kidogo. Sakafu ikipanda, mlango haufunguki tena, unakwaruza chini. Hapo ndipo anaitwa baba. Anaung'oa mlango, anaulaza juu ya vibao viwili, anaupitishia msumeno kwa chini, anaulainisha kwa randa, anaurudisha. Vipande alivyokata alikuja navyo nyumbani, mama akavipikia maharage.

Nilikua nikidhani kila mji una kazi hiyo. Nilipoolewa nikahamia Isikizya, niliona mlango wa nyumba ya mume wangu una kimo kilekile ulichotoka nacho kwa fundi, na juu yake pamebaki ukuta wa kutosha kutundika kalenda. Nikamuuliza mlango huu hupunguzwa lini. Mume wangu aliacha kula, akanitazama, akadhani namtania.

Kwetu mtu mzima aliingia ndani ameinama. Kuna mgeni wa baba kutoka Dar alisifu sana, akasema watu wa Tabora mna adabu, hata mlangoni mnapita kwa unyenyekevu. Baba alicheka maneno hayo hadi akatoa machozi, akawa anayarudia kwa majirani. Nami nilicheka. Siku hizi nikiyakumbuka natamani kumtafuta yule mgeni nimwambie kwamba haikuwa adabu. Yalikuwa matope ya watu wengine, ya miaka na miaka, yamejazana chini ya miguu yetu.

Nasema ya watu wengine kwa makusudi. Mtaa wetu uko pembeni ya Ng'ambo, upande wa chini. Kule juu ziko nyumba za enzi za ukoloni, zenye baraza pana na mapaa marefu. Baada ya uhuru waliingia humo wakubwa wetu, na baada ya wakubwa wakaja wenye fedha zao. Kati yao na sisi palikuwa na eneo refu la wazi, nyasi tupu, wazee wakaliita Uwanja wa Mbu. Wakoloni walikataza mtu yeyote kujenga pale kwa sababu, walisema, mbu akishamuuma mwenyeji hawezi kuruka umbali ule wote akamfikia Mzungu. Basi wakakaa wao juu, Wahindi na maduka yao kidogo pembeni, kisha nyasi, kisha sisi. Na mitaro ya mawe, iliyojengwa vizuri kabisa ili kutoa maji kwenye bustani na barabara zao, ilishuka hadi kwenye zile nyasi ikaishia hapo. Mahali mawe yanapokoma pako mpaka leo, ukitaka nitakupeleka ukapaone. Waliojenga waliona kazi imekwisha.

Babu mzaa baba hakuchagua kukaa chini ya hapo. Ukoo wake ulikuwa wa wapagazi, watu wa njia ya misafara, na mpagazi alijua pa kutua mzigo na kulala: mahali palipoinuka, penye mchanga, mbali na mbuga inayotuama maji. Walikaa juu. Wakaja kuambiwa wapishe, pale panatakiwa, wakaonyeshwa huku. Wakaambiwa pia wajenge kwa udongo na nyasi tu, maana wamepewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa ardhi, na aliyepewa ruhusa ya kukaa hana haja ya msingi wa mawe. Babu alikuwa na mawe yake tayari, ameyasomba mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe. Akaamriwa ayaondoe. Baba alinisimulia kwamba mawe yale yaliishia kwenye ule mtaro wa juu. Sijui kama ni kweli. Nikiwa na hasira huwa naamini, na kwa kawaida nina hasira.

Uhuru ulimkuta baba kijana anayejifunza useremala. Alipooa, akataka kuivunja nyumba ya babu ajenge ya matofali ya kuchoma, yenye msingi. Akaenda kuomba kibali. Akaambiwa na watu wetu sasa, watu wanaosema shikamoo na marahaba kama sisi, kwamba eneo halijapimwa, asijenge kitu cha kudumu, asubiri ramani. Baba alikuwa mtu wa kutii. Akasubiri. Akasubiri mimi nikazaliwa, nikasoma, nikaolewa, yeye akaota mvi, na muda wote huo alikuwa anakandika kuta kwa udongo na kukata milango. Ramani ilipotoka, mtaa wetu wote ulikuwa umepakwa rangi ya buluu na kuandikwa eneo hatarishi. Kwanza ulikatazwa kujenga nyumba imara, sasa unaambiwa nyumba yako si imara. Baba aliniomba nimsomee ile ramani mara mbili, kisha akarudi kwenye randa yake.

Na ule Uwanja wa Mbu? Uligawiwa. Watu waliogopa mbu zamani, siku hizi hawawaogopi tena. Pamejengwa kituo cha mafuta, maghala, ukumbi wa harusi wenye maegesho yaliyosakafiwa vizuri, na kuta ndefu za kuzungushia hayo yote. Maji yaliyokuwa yakituama kwenye nyasi yakanywewa na ardhi taratibu, sasa yanateleza juu ya saruji na kuja kwetu yakiwa na haraka. Wenye majengo hayo hakuna aliyewaambia wamevamia kitu.

Neno hilo ndilo lililonichoma. Lakini nianze na msiba.

Baba alifariki mwaka ule mvua za kwanza zilipoanza. Hakuuawa na maji. Alikuwa mzee na moyo wake ulichoka. Tulimzika, tukamaliza hitima, watu wakatawanyika, mama akaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoishi na mumewe. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonekani ovyo na wanaume wasio ndugu zake. Mimi mtoto wa kike pekee nilikuja kukaa naye.

Mama alizaliwa Choma, kule Igunga, kwa wakulima wenye ng'ombe, na alisilimu alipoolewa na baba. Sisi tuliozaliwa ndani ya dini huwa tunajipunguzia hapa na pale. Yeye aliyeingia kwa miguu yake hakujipunguzia kitu. Alisema atamkalia mumewe eda chini ya paa la mumewe, siku zote mpaka ya mwisho. Alikuwa na sababu nyingine aliyoisema mara moja tu. Kama si pale, angekwenda wapi? Kwangu? Kwao Choma mama mkwe hakai nyumba moja na mkwe wake. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, wakikutana njiani mmoja huchepuka. Kuhamia kwa mkwe, tena mjane, tena mikono mitupu, kwake ilikuwa aibu ambayo hata mauti hayaizidi kwa mbali.

Basi ndiyo ilikuwa hali yetu: mama ndani ya nyumba ya udongo, mvua nje, na eda haijafika nusu.

Gari la matangazo lilipita asubuhi moja, nikiwa napepeta mchele. Kipaza sauti kikasema wananchi wote waliovamia mabonde wahame mara moja kwa usalama wao, na kwamba utafanyika mkutano kwenye uwanja wa shule. Waliovamia. Nilisimama na ungo mkononi. Nilitaka kulikimbilia gari lile nilipige mawe, na kama mawe yangekuwepo karibu labda ningefanya hivyo, lakini huku kwetu mawe hakuna, ni udongo mtupu. Mama akaniita kutoka ndani, akaniambia hasira hasara. Nikamjibu kwamba sisi hasara tumeshaipata bila hasira, kwa hiyo nijaribu na njia nyingine.

Nikaenda mkutanoni kwa niaba yake. Ofisa aliyekuja alikuwa kijana mpole, mwenye shati safi na viatu vya ngozi alivyokuwa akivihurumia kwenye tope. Alituamkia wote vizuri. Akaeleza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, akaeleza kuhusu taka tunazotupa kwenye mitaro. Mzee mmoja akauliza mitaro ipi, maana huku hakuna. Ofisa akasema lile ni swali zuri. Watakaohama watafikiriwa viwanja mahali pengine, akasema, na nyumba zitakazoanguka haziruhusiwi kujengwa tena.

Nilinyoosha mkono. Nikamwambia sisi hatukuvamia bonde lolote, tuliletwa. Nikaeleza ya babu, ya mawe, ya kibali cha baba, ya Uwanja wa Mbu na kituo cha mafuta. Sauti yangu ilikuwa imepanda, najua, watu waliniambia baadaye iliwafikia hadi sokoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mama yangu, historia tunaiheshimu. Lakini maji hayana ubaguzi, hayamchagui mtu."

"Maji hayachagui, mwanangu," nikamwambia. "Mitaro ndiyo iliyochagua."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka akanishika mkono. Niliondoka pale najiona nimeshinda, na nilikuwa nimeshinda makofi. Hakuna hata kijiwe kimoja cha mtaro kilicholetwa kwa ajili ya jibu langu zuri, na mvua haikusikia habari zake.

Sheikh wa mtaa naye alikuja, akakaa barazani, akazungumza na mama kupitia dirishani. Akamwambia dini si dhiki. Mjane akihofia nafsi yake, nyumba ikiwa yataka kuanguka, anaruhusiwa kutoka na kukamilisha eda mahali pengine penye usalama. Mama alimshukuru, akamwombea dua, akaniagiza nimpatie kahawa. Alipoondoka nikamuuliza mama, je, tufungashe?

"Sheikh ameniruhusu kutoka," akasema. "Hakuniambia nitoke niende wapi."

Nilimkasirikia na yeye pia. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani hasira ya aina hii inakwenda kwa wakubwa tu. Nilimkasirikia mama yangu mzazi, mjane, aliyekaa juu ya mkeka na tasbihi yake. Nilimkasirikia baba kwa kutii. Nilikasirikia hata ile sakafu.

Maana sakafu ndiyo iliyotumaliza. Sisi tuliamini kila tunapoipandisha tunajiokoa, na kwa maji ya juu juu tulijiokoa kweli. Lakini kifusi kile, tabaka juu ya tabaka, kilikuwa kimeegemea kuta za udongo kwa ndani, kimezifunika hadi magotini, na kilikuwa kinanyonya maji kila mwaka na kukaa nayo. Kwa nje tulikandika ukuta, tukaupaka chokaa, ukapendeza. Kwa ndani ulikuwa unaoza kutokea chini na hakuna aliyeuona. Nyumba yenye msingi wa mawe isingekuwa na haja ya ujanja huo. Tulinyimwa msingi, tukabuni kitu cha kutusaidia, na kile tulichobuni kikatuangushia nyumba.

Ilinyesha Ijumaa, wanaume wengi wakiwa msikitini. Mvua ilianza kama kawaida, na sisi tukafanya kawaida yetu: godoro juu ya meza, unga juu ya kabati, jiko juu ya stuli. Maji yakaingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa nimeshainua sketi naendelea kuyachota, ndipo nikasikia sauti ya kitu kinachotafunwa polepole. Ulikuwa ukuta wa chumba alichokuwa akifanyia kazi baba. Ulikaa chini, kama ng'ombe anavyokaa, miguu kwanza. Paa likainama juu yake, na nikaona mvua ikinyeshea benchi la baba na misumeno yake.

Nilipiga ukunga. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja, wameshatoka kuokoa vyao. Nikamwambia mama sasa inatosha, tunatoka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, maji yanampita magoti, ameushika mhimili wa kitanda. Alitazama juu, kwenye boriti, akasikiliza. Kisha akaomba jambo moja: asionekane.

Kitu kilichofuata sitakisahau. Hakuna aliyemwambia kwamba huu si wakati wa mambo hayo. Wanawake wale walivua kanga zao za mabegani, zikiwa zimelowa zote, wakazishika ncha kwa ncha, wakafanya ukuta wa kanga pande zote nne, mimi na mama tukawa ndani yake. Tukatoka. Mmoja mbele alikuwa anapapasa njia kwa mwiko wa ugali ili tusitumbukie shimoni. Mama alikuwa amejifunika gubigubi, namshika kiuno, sioni kitu isipokuwa migongo na maua ya kanga na maji ya kahawia yanayopita kati ya miguu yetu yakiwa na chupa na ndara za watu. Tulipopanda kuelekea juu tukakutana na wanaume wanaotoka msikitini wakikimbilia majumbani mwao. Walipotambua ni nini, wakageuza nyuso zao ukutani mpaka tupite. Hata vijana wa kituo cha mafuta waligeuka. Heshima tuliyonayo sisi kwa sisi ni kubwa. Ingekuwa inajenga mitaro tungekuwa wakavu siku nyingi.

Tulifika kwenye geti la ukumbi wa harusi. Pana paa, pana sakafu kavu, pana viti. Mlinzi akachungulia, akasema samahani sana kina mama, ukumbi umekodiwa kwa kesho na mapambo yameshafungwa, hana ruhusa. Alikuwa na haya usoni, sina neno naye. Lakini nilisimama pale katika mvua nimemshika mjane wa eda, juu ya ardhi ile iliyoachwa wazi zamani ili mbu wetu wasipite, nikatukana. Nilitukana matusi ambayo sikujua ninayo. Mama akaniminya mkono, tukaendelea kupanda hadi shule.

Alikaa kwenye kona ya darasa, nyuma ya kanga zilizotundikwa kwa kamba kutoka dirishani hadi ubaoni. Wanawake walipokezana kukaa naye. Upande wa pili wa kanga palikuwa na familia nyingine, wanaume na watoto, redio, kukohoa, mtu anakaanga dagaa barazani. Baada ya siku chache nyumba yote ilikuwa imelala chini. Nilipomletea habari, aliuliza kuhusu benchi. Nikamwambia nimelipata. Akauliza kuhusu kitanda chao. Nikamwambia hapana.

Kwa hiyo akaja kwangu. Kile alichokiogopa kuliko maji kilimpata. Mume wangu ni mtu mwema, alijitahidi kupita kiasi. Alikuwa anakohoa kuanzia barabarani ili mama mkwe ajue anakuja. Alihamishia kiti chake nyuma ya nyumba, akawa anakula huko na kuku. Mama naye hakutoka chumbani hata kwenda uani bila mimi kutangulia kuangalia njia. Watu wawili wanaopendana na kuheshimiana walikuwa wanaishi kwa kuviziana ndani ya nyumba moja. Mama alikonda. Siku eda ilipokwisha, aliyotakiwa kutokea nyumbani kwake akiwa na mawifi na majirani zake, alioga, akavaa gauni jipya nililomshonea, akatoka kwenye chumba cha binti yake akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akasema anataka nyumba yake. Hata kibanda. Hata chumba kimoja, mradi mlango ni wake.

Kiangazi kilipoingia tukaitwa kwenda kuonyeshwa viwanja. Ni ofisa yuleyule, na alikuja na gari, akatuchukua sisi na wajane wengine wawili na mzee mmoja. Alikuwa na furaha kweli, nadhani alikuwa amevipigania. Njiani mama aliniambia leo nimwachie yeye aongee, mimi ninyamaze, nimeshaongea vya kutosha. Nikakubali.

Gari liliacha barabara ya lami, likaingia kwenye njia ya ng'ombe, likaenda sana. Tukashuka mahali peupe, tambarare, panapoonekana mpaka upeo. Vigingi vya zege vilikuwa vimeshachomekwa kwa mistari iliyonyooka. Ofisa akatuonyesha mtaa wa kwanza, mtaa wa pili, mahali pa shule. Hapa sasa, akasema, pamepimwa, hakuna wa kuwasumbua.

Ardhi ilikuwa nyeusi. Ilikuwa imepasuka mipasuko inayoweza kumeza mguu wa mtoto, na kati ya vigingi bado yalikuwepo mabua ya mpunga wa msimu uliopita. Mbali kidogo korongo wawili walikuwa wanatafuta vyura waliojichimbia. Nimekaa Isikizya miaka mingi, mchele wa mbuga kama ile nimeununua na kuula. Yule mzee tuliyekuja naye aliinama akang'oa bua moja, akalitazama, akalitupa. Hatukuhitaji mtaalamu wa kutueleza mpunga unalimwa mahali pa namna gani.

Nilihisi kichwa kinapata moto. Kwa sababu nilikuwa nimeahidi kunyamaza, nilirudi garini nikakaa, nikafunga mlango, nikaangalia mbele.

Dirisha lilikuwa wazi, niliwasikia. Mama alikuwa anatembea kando ya ofisa, polepole, anamwita mwanangu. Alimsifu kwa kazi nzuri. Alimuuliza maji ya mvua hapa huelekea wapi. Akaambiwa mitaro imo kwenye mpango, itakuja awamu inayofuata, bajeti ikiruhusu. Mama akaitikia, aa. Wakatembea tena kidogo. Kisha akamuuliza yeye mwenyewe anakaa wapi pale mjini.

Ofisa akasema anakaa kule juu, kwenye nyumba za zamani, amepangiwa na kazi.

"Kunaingia maji?"

"Hapana mama, kule hakuingii kabisa."

"Basi niandikie kiwanja huko," mama akasema. "Sitakusumbua. Mimi ni jirani mzuri."

Yule kijana alicheka. Alicheka vizuri, bila ubaya, anavyocheka mtu akitaniwa na bibi yake. Mama hakucheka. Alitandika kanga yake juu ya ile ardhi iliyopasuka, akaketi, akanyoosha miguu, akamwambia yuko tayari kusubiri jibu. Wale wajane wawili wakatazamana, wakaenda wakaketi naye, na mzee naye akafuata. Dereva aliwasha gari akapiga honi. Nikafungua mlango nikashuka.